Soma Giaboksi Yako Kabla ya Kuifunga Upya

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkusanyiko wa watu wanaotengeneza magari yao wenyewe nyumbani. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika ufundi, kina mama na kina baba, vijana mliokuja na grisi bado iko kwenye kucha: nawasalimu nyote.

Nianze kwa swali. Wangapi hapa mmewahi kufungua silinda hedi? Naona mikono mingi. Wangapi mmebadilisha klachi wenyewe, gari likiwa juu ya stendi? Bado mikono ni mingi. Sasa niambieni, wangapi mmefumua giaboksi ya manyuali pamoja na transfa kesi yake, ile inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, mpaka shafti ya mwisho ikalala mezani, kisha mkafunga vyote na gari likatembea? Mikono imepungua sana.

Kwa nini imepungua? Giaboksi haina valvu, haina taimingi, haina moto ndani yake. Ni gia, shafti, beringi, ringi na mafuta. Mtu mwenye subira, meza safi na vipimo vichache anaiweza, tena anaiweza nyumbani. Hilo naliamini kwa moyo wote. Kinachowaangusha watu si kuifungua. Wanaifungua bila kujua wanatafuta nini, wanabadilisha kilichovunjika, wanafunga, na baada ya muda kitu kile kile kinavunjika tena. Kwa hiyo leo nimekuja na swali moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: kwa nini imekufa? Kabla hujanunua beringi, uliza: kwa nini imekufa? Kabla hujaagiza ringi, uliza: kwa nini imekufa?

Na majibu huanza kupatikana giaboksi ikiwa bado iko chini ya gari.

Kijana mmoja aliniletea gari lake akiwa ameshaambiwa giaboksi imekwisha, atafute nyingine nzima. Nikamwomba aliwashe. Gari limesimama, gia haijaingia, mguu uko nje ya klachi: kimya. Akakanyaga klachi: sauti kavu ya kukwaruza. Akaachia: kimya tena. Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo si giaboksi. Hiyo ni rilizi beringi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti, na inafanya kazi pale tu mguu unapokanyaga. Giaboksi nzima ilikuwa karibu itupwe kwa ajili ya beringi inayokaa nje yake!

Sasa geuza jaribio hilo. Sauti ikiwepo mguu ukiwa nje ya klachi na gia haijaingia, kisha ikapotea unapokanyaga, basi iangalie beringi ya shafti ya kuingilia na zile za shafti ya chini, kwa sababu hizo ndizo zinazozunguka na injini hata gari likiwa limesimama. Na liko jaribio lingine ninalolipenda kuliko yote. Kwenye giaboksi nyingi za magari yanayosukumwa kwa nyuma, gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingilia na shafti kuu zinashikana na kuzunguka kama kitu kimoja, nguvu haipiti kwenye shafti ya chini. Shafti ya chini inazunguka, lakini haibebi mzigo. Kwa hiyo endesha gari. Likivuma gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, halafu ya nne likanyamaza, umeshajua kabla ya kushika spana kwamba beringi za shafti ya chini ndizo zinazolia. Nani amewahi kulipia uchunguzi wa namna hiyo? Umeufanya kwa masikio yako tu.

Baada ya masikio, mafuta. Na hapa nina ombi kwa kila aliye chini ya paa hili: fungua kwanza kizibo cha kujazia, halafu ndipo ufungue cha kumwagia. Kizibo cha kujazia kikikataa kufunguka na mafuta yameshamwagika, gari halina pa kwenda.

Yamwage mafuta kwenye beseni safi, uyachuje kwa kitambaa cheupe, kisha uitazame sumaku ya kizibo. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku, laini usiokwaruza ukiusugua kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida. Vumbi la dhahabu linalometameta ndani ya mafuta na lisiloshikwa na sumaku ni shaba: ringi za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, zinaliwa. Vigae vya chuma vyenye kona ni meno ya gia. Na ukikuta kijiti chembamba cha chuma, laini na duara kama sindano iliyokatwa ncha, hiyo ni rola ya sindano iliyotoka kwenye beringi yake, na gari hilo lisiwashwe tena mpaka giaboksi ifunguliwe. Mafuta yenye rangi ya maziwa yameingiliwa na maji, na gari lililovuka mto wenye kina kirefu bila bomba la kupumulia lililoinuliwa juu linajulikana hapo hapo.

Sasa tuingie kwenye sinkro, maana hapa ndipo pesa nyingi na lawama nyingi zinapokwenda.

Wazee mnakumbuka namna ya kuendesha ya kukanyaga klachi mara mbili, dereva akisikiliza injini ili mwendo wa gia mbili ulingane. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ilitoa magari yenye sinkro iliyobuniwa na Earl A. Thompson, na kazi ile ya masikio ikahamia kwenye ringi. Ringi hii ya shaba inakaa juu ya koni ya gia. Ukisukuma fimbo, ringi inabanwa kwenye koni, inaishika, inailazimisha gia iende kwa mwendo wa shafti, ndipo meno ya kola, ile pete inayosukumwa na uma wa selekta, yanapita na kuingia bila kelele. Na inaishikaje koni iliyolowa mafuta? Tazameni upande wa ndani wa ringi mpya: kuna mifereji myembamba sana, inayozunguka kama uzi wa bolti. Kingo za mifereji hiyo zinakata utando wa mafuta ili shaba iguse chuma. Kingo zikilainika, ringi inaelea juu ya mafuta, haishiki kitu, na gia inasaga.

Jambo hili linapimwa, halihitaji kukisiwa. Weka ringi juu ya koni yake, ibane kwa vidole huku ukiizungusha kidogo ikae sawa, kisha pitisha fila geji, yaani bamba jembamba la kupimia pengo, kati ya uso wa ringi na meno madogo ya gia. Pima pande tatu za mzunguko. Ringi mpya huacha nafasi ya milimita 1 au zaidi kidogo. Iliyochakaa inashuka karibu na gia. Kikomo kwa giaboksi nyingi kiko kati ya milimita 0.5 na 0.8, lakini mwenye neno la mwisho ni kitabu cha giaboksi yako, si mimi. Halafu fanya jaribio la mkono: ibane ringi kwenye koni na ujaribu kuizungusha. Iliyo nzima inang'ang'ania. Iliyokufa inateleza.

Lakini je, ukiweka ringi mpya kazi imeisha? Kwa nini imekufa? Tazama koni yenyewe. Ikiwa ina michubuko au imebadilika rangi kwa joto, ringi mpya itafuata njia ya ile ya zamani. Tazama meno madogo ya gia, yale yenye ncha kama paa la nyumba. Ncha zikiwa zimeviringika, gia itaendelea kukataa kuingia. Na mbavu za meno zikiwa zimelika mshazari, gia itaruka yenyewe unapoachia mafuta. Tazama uma wa selekta pia. Kwenye giaboksi nyingi nafasi kati ya uma na mfereji wa kola haitakiwi kuzidi milimita 1. Uma uliolika hausukumi kola mpaka mwisho, gia inakaa nusu, na watu wanailaumu ringi.

Na mafuta! Jamaa yangu mmoja aliweka ringi mpya, akapima vizuri, akafunga kwa usafi wa kupigiwa mfano. Kisha akaenda kununua mafuta, akaona GL-4 na GL-5, aina mbili za mafuta ya gia, akachukua GL-5 kwa sababu 5 ni kubwa kuliko 4. Gia zikaanza kusaga tena. Alikuwa tayari kuishusha giaboksi upya, akijilaumu kwa kazi ambayo hakuikosea. Tukamwaga, tukaweka GL-4 kama kitabu kilivyoagiza, na gia zikaanza kuingia vizuri. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, ambako meno yanabanana huku yakiteleza kwa nguvu kubwa. Viungo vyake vya salfa na fosforasi ni vingi zaidi: vinaweza kuifanya ringi iteleze mahali inapotakiwa kushika, na baadhi ya mafuta hayo huila shaba polepole kwenye joto. Zipo giaboksi zinazotumia mafuta mengine kabisa, hata ATF, yale ya giaboksi za otomatiki. Namba ya kopo si daraja la ubora. Soma kitabu.

Kuhusu kufumua kwenyewe sitasema mengi, kwa sababu kila giaboksi ina mpangilio wake. Ila mambo machache nayasisitiza. Weka alama ya mwelekeo kwenye kila habu, kile kitovu kinachobeba kola, na kola yake kabla hujaitoa, kwa sababu nyingi zina upande wa mbele na wa nyuma, na ukiigeuza, giaboksi itafungika bila shida yoyote lakini gia moja haitaingia. Panga vitu mezani kwa jinsi vilivyotoka, kila washa na upande wake. Washa hizi za kubeba msukumo si vitu vya hivi hivi: meno ya mshazari yanasukumana kwenda mbele na nyuma kila unapokanyaga mafuta, na washa ndizo zinazopokea. Gia ya rivasi, ambayo kwenye giaboksi nyingi ina meno yaliyonyooka, haina msukumo huo, na meno hayo yaliyonyooka ndiyo yanayoifanya ivume.

Shafti ya chini kwenye giaboksi nyingi za zamani inapita ndani ya gia zilizoshikana, na katikati yake kuna rola za sindano zilizopangwa moja moja, hazina kizimba. Ukiigonga shafti itoke, rola zinamwagika ndani ya hausingi. Dawa yake ni shafti ya bandia. Chukua kipande cha bomba au cha mti, chenye unene unaokaribia wa shafti yenyewe, ukikate kiwe kifupi kidogo kuliko hausingi, kiwe sawa na urefu wa gia zile pamoja na washa zake. Kisukume kifuate shafti inapotoka. Gia zinashuka chini na rola zake zote zimekaa. Wakati wa kurudisha, paka grisi nyepesi ndani, simamisha rola moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho iingie kwa kubanwa kidogo, kisha zihesabu. Zihesabu tena. Pengo likibaki lenye upana wa rola moja, iko moja sakafuni.

Beringi nayo isipigwe kiholela. Nyundo ikigonga ringi ya nje ili ile ya ndani iingie kwenye shafti, nguvu yote inapita kwenye gololi, na gololi zinaacha vishimo vidogo kwenye njia zake. Beringi mpya imekufa kabla gari halijawashwa! Ipashe moto taratibu mpaka kama nyuzi 100 za Selsiasi, isivuke 120, itateleza yenyewe mpaka mahali pake. Na hausingi ya aluminiamu ikipashwa hivyo hivyo inaachia beringi ambayo jana mlikuwa watatu mnaivuta.

Sasa, ndugu zangu, transfa kesi. Hapa nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu watu wanaijenga giaboksi kwa heshima zote halafu transfa wanaifuta vumbi tu na kuirudisha. Jeep za vita za mwaka 1941 zilikuwa tayari na transfa iliyofungwa kwa bolti mgongoni mwa giaboksi, na mpangilio huo umebaki kwenye magari mengi ya 4x4. Vitu viwili vilivyoshikana hivyo vinaambukizana maradhi.

Mama mmoja, dereva hodari wa njia mbovu, alilalamika kwamba giaboksi ya gari lake imeanza kuvuma. Chini ya gari pakavu, hakuna hata tone. Fundi aliyemtangulia akasema mafuta hayajavuja, basi yamo. Nikafungua kizibo cha kiwango cha transfa: mafuta yakaruka nje. Nikafungua cha giaboksi, nikaingiza kidole, nikakunja: hakuna kitu. Mmeelewa? Sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ilikuwa imekufa, na mafuta ya giaboksi yote yalikuwa yamehamia upande wa pili bila kudondoka chini. Kwa hiyo kila mnapopima, fungueni vizibo vyote viwili. Kila mnapojenga moja, badilisheni sili ya katikati, na mtazame shingo ya shafti inapogusana na sili hiyo. Ikiwa na mfereji unaoshikwa na ukucha, sili mpya haitaziba.

Ugonjwa wa pili wa kuambukizana uko kwenye splaini, yale meno marefu ya shafti kuu yanayoingia kwenye gia ya kwanza ya transfa. Mfano unaojulikana sana ni wa Land Rover zenye transfa ya LT230. Gia ya kuingilia ya zamani haikuwa na njia ya kupeleka mafuta kwenye splaini. Chuma kikasugua chuma kikiwa kikavu, meno yakaliwa taratibu mpaka yakawa kama visu, na mwisho shafti inazunguka gari limesimama. Baadaye gia hiyo ikatobolewa matundu ya kupitishia mafuta. Sasa fikirini mtu anayebadilisha shafti kuu, kazi inayotaka giaboksi ifumuliwe yote, halafu anairudishia gia ile ile isiyo na matundu. Kwa nini imekufa? Hakuuliza.

Kuna transfa za gia tupu na kuna za cheni. Ya cheni, kama NP231 ya Jeep, ifungue na utazame kuta za ndani za hausingi kabla hujatazama cheni. Ukikuta mikwaruzo ya mstari, cheni imelegea na imekuwa ikipiga ukuta. Dereva atakuwa ameshakuambia kwamba akiweka 4x4 kwenye mlima kuna kitu kinaruka kwa kishindo. Badilisha cheni, sawa, na magurudumu yake ya meno kama yameliwa. Lakini kwa nini imelegea? Umri unaweza kuwa sababu. Sababu nyingine ni dereva anayeacha 4x4 kwenye lami kavu. Transfa isiyo na difu ya kati inafunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa, na kwenye kona magurudumu ya mbele yanasafiri njia ndefu zaidi. Kwenye tope tairi linateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami haliwezi kuteleza, kwa hiyo msongo wote unaingia kwenye propela, kwenye cheni, kwenye beringi. Tairi za mbele na za nyuma zenye kimo tofauti zinaleta msongo huo huo hata kwenye njia iliyonyooka. Ukimrudishia dereva huyo gari bila kuzungumza naye na bila kupima tairi zake, cheni yako mpya unaipeleka machinjioni.

Nimalizie na meza, kabla chochote hakijarudi chini ya gari. Kati ya reli za selekta kuna pini ndogo, kubwa zaidi ni kama nusu ya kidole, kazi yake ni kuzuia gia mbili zisiingie kwa pamoja. Rafiki yangu alifunga giaboksi, akaingiza gia ya pili, akazungusha shafti kwa mkono, vizuri. Akasukuma reli nyingine bila kuitoa ya pili, ikakubali. Shafti zikakwama kama zimechomelewa. Pini ilikuwa imebaki kwenye beseni la mafuta ya taa. Ingekuwaje kama ingegundulika barabarani?

Kwa hiyo zungusheni kwa mkono. Ingizeni kila gia moja moja, na kwa makusudi jaribuni kuingiza mbili, zikatae. Wekeni alama ya chokaa kwenye shafti ya kuingilia na ya kutokea. Kwenye gia ya moja kwa moja, mzunguko mmoja utoe mzunguko mmoja. Kwenye rivasi, shafti ya kutokea irudi kinyume. Kwenye gia nzito ya transfa, ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu, hesabuni pia: NP231 inataka mizunguko 2.72 kuingia ili mmoja utoke, LT230 inataka 3.32. Mkisikia mahali pagumu katika mzunguko, pafuateni mpaka mpajue.

Wakati wa kupandisha, tumieni jeki ya giaboksi na msaidizi. Giaboksi na transfa vikiwa pamoja vinaweza kupita kilo 80, na visiachwe hata dakika vikining'inia kwenye shafti ya kuingilia, kwa sababu diski ya klachi inapinda na klachi haitaachia tena sawasawa. Bushi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, ambamo ncha ya shafti hukaa, ibadilisheni hapo hapo, maana hamtaifikia tena. Jazeni mafuta kabla ya kuwasha. Nimeona gari limejengwa vizuri likawashwa kavu.

Mkishatembea kilomita mia chache, mwageni mafuta ya kwanza, mapema kuliko kitabu kinavyosema. Yatakuwa na vumbi la dhahabu kidogo, hilo ni la ringi mpya zinazojikalisha. Yachujeni kwa kitambaa kile kile cheupe, mtazame sumaku, mjaze mapya.

Pale mezani nimeweka ringi mbili, mpya na iliyokwisha, koni zake, na fila geji. Sijaandika ipi ni ipi. Njoni kwa zamu, kila mmoja apime kwa mkono wake, kisha tuanze maswali.